Juu ya Karamu Moja ya Unguja

Wazee walisema, "Mchele mmoja, mapishi mbalimbali." Maneno hayo husemwa kwa mambo mengi, bali leo twayachukua kama yalivyo, kwa habari ya mchele wenyewe. Walimu wamezoea kupima vitabu, nyimbo na desturi za watu, wakionyesha lipi ni jema na lipi ni pungufu. Hatuoni sababu ya kuuacha upishi nje ya mizani hiyo. Mpishi naye ni mtu wa ustadi. Huahidi kitu, hupokea thamani yake, na yapasa aulizwe kama ahadi ameitimiza.

Sisi ni walimu wa Isevya, hapa Tabora. Mwaka 2023 mwenzetu mmoja, mkubwa wetu kwa umri na kwa kazi, alitimiza miaka sitini akastaafu. Alifundisha jiografia muda wa miaka thelathini na mitano. Kila mwaka alichora ubaoni pwani yetu, toka Tanga hata Mtwara, akaipaka bahari kwa chaki ya buluu, na Unguja na Pemba akaviacha bila rangi ili watoto wavione. Lakini bahari yenyewe hakupata kuiona kwa macho yake. Basi sisi watatu, ambao yeye ndiye aliyetupokea kazini tulipokuwa vijana, tulikata shauri kuweka akiba kila mwezi. Baada ya miaka miwili tukapata nauli ya kumpeleka Unguja likizo ya Desemba, na juu ya nauli, fedha ya kumwandalia chakula kimoja cha heshima.

Mtu wa Tabora kwenda pwani si jambo geni. Babu zetu waliibeba pembe za ndovu mabegani toka Unyanyembe hata Bagamoyo, na wengine wakavuka hata Unguja. Wazungu Burton na Speke walipotoka pwani tarehe 27 Juni 1857, walifika Kazeh, yaani Tabora hii yetu, tarehe 7 Novemba, siku ya 134 ya safari yao. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 miezi iligeuka kuwa siku. Sisi tulipanda treni, kisha tukavuka bahari kwa boti kwa muda wa saa mbili hivi, na mzee wetu hakuketi chini hata dakika moja. Alisimama ameshika chuma cha boti, akitazama maji.

Twaitaja njia hiyo ya zamani kwa sababu haikuleta nguo na shanga tu. Ilileta na upishi. Watu wa pwani waliofanya maskani Tabora walikuja na wali wao, nazi zao na viungo vyao, na miembe iliyo kando ya njia yatukumbusha habari yao. Ndiyo maana hata leo, arusi ikiwa Isevya, pilau na wali wa nazi havihesabiwi kuwa vyakula vya kigeni, ingawa nazi hutoka mbali. Basi hatukwenda Unguja kama watu wasioijua ladha ya nazi. Tulikwenda kama mwanafunzi aendaye kumsikia mwalimu wa mwalimu wake.

Nyumba tuliyoichagua hatutaitaja, wala mtaa wake. Kusudi letu si kumwondolea mtu riziki. Yatosha kusema kwamba ni nyumba ya kulia chakula iliyo juu ya dari, yatazama baharini, na sifa zake tulizikuta katika simu kabla hatujatoka Tabora. Picha zilikuwa nzuri mno. Karatasi yao ya vyakula ilitangaza "karamu ya kale ya pwani", kwa shilingi 110,000 kila mtu. Mmoja wetu alikumbusha kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Tukamwambia asimharibie mzee furaha yake. Na hapa twakiri kosa letu la kwanza: tuliichagua nyumba ile kwa sababu ilikuwa ghali. Tulidhani heshima ya mzee itapimwa kwa wingi wa fedha tutakazotoa.

Tuanze na yaliyo mema, maana mwamuzi asiyeona jema si mwamuzi. Mahali palikuwa pazuri. Taa zilikuwa za shaba, mito ya kuegemea ilikuwa safi, na upepo wa bahari ulitupoza baada ya joto la mchana. Majahazi yalipita mbele yetu na tanga zao, na mzee alituonyesha kwa kidole jinsi tanga linavyoupokea upepo, kama alivyotufundisha zamani kwa mchoro. Kama tungalilipa kwa kuketi tu, tusingalinung'unika sana.

Lakini tulilipa kwa chakula, nacho kilikawia saa moja na nusu. Kwanza kililetwa kibakuli cha supu ya maboga, nayo ilikuwa vuguvugu. Haikuwa mbaya, haikuwa na neno lolote la kusema. Mtu angeweza kuila katika mji wowote wa dunia asijue yuko wapi.

Baadaye ukaja wali, ulioitwa pilau. Hapa yatupasa tuseme kwa urefu kidogo. Pilau hupata rangi yake kwa kitunguu kilichokaangwa pole pole hata kikawa cha hudhurungi, karibu na kuungua lakini kisiungue. Kazi hiyo yahitaji mtu asimame pale jikoni asiondoke. Kisha hufuata thomu na tangawizi, bizari nyembamba, iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga. Nyama hupikwa humo, na mchele huiva katika supu ya nyama ile, ukapaliwa makaa juu ya kifuniko hata kila punje isimame peke yake. Pilau tuliyoletewa ilikuwa ya rangi ya manjano. Mchele ulikuwa umechemshwa mbali na nyama, ukatiwa rangi, kisha nyama ikawekwa juu yake kama kofia. Tulipotafuta viungo tulikuta ganda moja la mdalasini, kubwa, limelazwa kando kwa kupendeza macho.

Kilichotuuma zaidi ni samaki wa kupaka. Chakula hicho ni fahari ya pwani, na kwa ajili yake hasa tulikuwa tumemsifia mzee safari nzima. Njia yake yajulikana. Samaki hupasuliwa, hupakwa ndimu, chumvi, thomu, tangawizi na pilipili, kisha huchomwa juu ya makaa. Mbali na hapo hupikwa tui la kwanza, lile zito liitwalo kasimele, pamoja na ukwaju na bizari, hata liwe zito zaidi. Tui hilo hupakwa juu ya samaki angali motoni. Hugeuzwa, hupakwa tena, hugeuzwa tena, na kila tone liangukalo makaani hurudi juu kwa moshi, moshi ukaingia ndani ya nyama. Kwa hiyo huitwa wa kupaka. Jina lenyewe ndilo fundisho la upishi wake. Tulichopewa kilikuwa kipande cha samaki kisicho na mfupa wala ngozi, kilichokaangwa kwa mafuta, kisha kikamiminiwa tui jeupe lenye utamu wa sukari, ambalo kila mmoja wetu alilitambua kuwa tui la kopo. Hakuna aliyekipaka kitu chochote. Nazi zaning'inia kisiwani kote, na samaki hushushwa ufukoni kila alfajiri, lakini meza ile ilikuwa kama iko mbali na bahari kuliko Isevya. Penye miti hapana wajenzi.

Mwisho ikaja aisikrimu, na juu yake imechomekwa karafuu nzima, labda kwa kutukumbusha kwamba tuko kisiwa cha karafuu. Mzee wetu, kwa kudhani kwamba kila kilichoandaliwa huliwa, aliitafuna. Ulimi wake ulikufa ganzi, hata akashindwa kusema kwa muda. Kwetu karafuu nzima hutiwa katika jino linalouma. Tulicheka, naye akacheka, lakini kicheko chetu hakikuwa cha raha.

Twapita upesi juu ya utumishi, kwa maana kijana aliyetuandikia meza hakuwa na hatia. Alitusemesha kwa Kiingereza toka mwanzo, kama alivyoagizwa na wenye nyumba. Mzee wetu akamwuliza kwa upole, "Mwanangu, mnayo ndimu na pilipili mbichi?" Kijana aliposikia Kiswahili uso wake ulibadilika. Akainama, akasema, "Shikamoo, mzee. Ndimu ya kulia hatuna. Kuna malimau ya kupambia glasi." Akaenda akaleta vipande viwili vya limau na chupa ya pilipili iliyotoka ng'ambo. Tuliona wazi kwamba kijana yule alijua chakula kizuri ni kipi, na kwamba nyumbani kwao hakili kile alichotuletea.

Hesabu ilikuwa hivi: watu wanne kwa 110,000, ni shilingi 440,000, ada ya utumishi sehemu moja katika kumi, 44,000, chupa nne za maji kwa 6,000 kila moja, 24,000. Jumla shilingi 508,000. Akiba ya miezi mingi ya watu watatu iliondoka juu ya kisahani cha shaba.

Sasa tuwape wenye nyumba nafasi ya kujitetea, kwa kuwa hawapo hapa. Watasema kisiwani vitu vingi huletwa kwa chombo, na gharama huongezeka. Ni kweli kwa mafuta, unga na mchele. Watasema mahali pazuri hulipiwa kodi kubwa. Hilo pia twalikubali. Watasema tena kwamba wageni wao wengi hawapendi mifupa, pilipili wala moshi, nao huwapikia wawapendezao. Neno hili ndilo zito kuliko yote, nasi twalijibu. Atakaye kuwapikia wageni chakula chao na awapikie, tena kwa ustadi, na akiite kwa jina lake. Asichukue jina la samaki wa kupaka akalivika kitu kingine. Mgeni atokaye mbali ataondoka akiamini kwamba amekionja chakula cha Waswahili, naye atawasimulia wenzake kwamba hakina ladha. Hapo aliyedhulumiwa si mlaji peke yake. Wamedhulumiwa na akina mama wote waliokuna nazi toka kale.

Wala hatusemi kwamba chakula cha kigeni hakina mahali pwani. Pilau na biriani vilikuja na watu wa ng'ambo ya bahari. Muhogo na pilipili hoho asili yake ni Marekani. Mkarafuu wenyewe ni mgeni aliyepandwa Unguja katika miaka ya mwanzo ya karne ya 19. Vyote hivyo vilikuwa vyetu kwa sababu watu walivipika kwa ajili ya watoto wao na wageni wao, wakavisahihisha mwaka baada ya mwaka hata vikakaa sawa. Kitu hakiwi chetu kwa kuandikwa katika karatasi ya vyakula. Huwa chetu mpishi anapoona haya kukiandaa vibaya.

Na habari ya kuandalia wageni, pwani hii ina sifa ya kale. Msafiri Ibn Battuta alifika Mogadishu mwaka 1331, kabla hajaendelea kusini hata Kilwa. Aliandika kwamba alipewa wali uliopikwa kwa samli katika sinia kubwa ya mti, na juu yake vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Pamoja na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, malimau na pilipili za achari, tangawizi mbichi, na maembe. Karibu miaka mia saba imepita, na mtu akisoma habari hiyo mate humtoka. Hata bara hatukuwa nyuma. Stanley alipofika Kwihara, karibu na Tabora, mwaka 1871, Waarabu wa mji walimpelekea sinia ya wali, kuku wa mchuzi, mikate ya ngano, mapapai, makomamanga na malimau. Na nyuma yake wakaswaga ng'ombe, kondoo na mbuzi. Hatusemi mambo yote ya siku zile yalikuwa mema; waliobeba masinia yale walikuwa watumwa, na jambo hilo halifichiki. Twasema hili tu, kwamba katika nchi hii mgeni alipimiwa kwa kile mwenyeji alichokiona kuwa bora, si kwa kile alichoona kwamba mgeni hatakitambua.

Kesho yake jioni hatukuwa na fedha ya kwenda mahali pakubwa. Tulitembea hata Ng'ambo, tukamkuta mama mmoja ameketi barazani mwa nyumba yake na sufuria la urojo. Mzee alimwamkia, naye akauliza tumetoka wapi. Aliposikia Tabora alisema, "Huko ndiko kwenye asali. Karibuni, wageni wangu, kaeni." Akatupa mkeka. Urojo ule ulikuwa wa manjano kwa bizari, mkali kidogo kwa embe bichi. Ndani yake alitia viazi, bajia, kachori na vipande vya nyama ya mishikaki, na juu yake chatine ya nazi, pilipili, na chipsi nyembamba za muhogo zilizokauka hata zikalia mdomoni. Bakuli moja kwa shilingi 3,000. Watu wanne, 12,000. Mama yule alimtazama mzee akionja. Alipoona amesita, hakungoja kuambiwa. Akakata ndimu, akaikamulia bakulini, akasema, "Sasa onja tena, baba."

Mzee akaonja tena, akamaliza, akaomba bakuli la pili. Tulipokuwa tukirudi alituambia maneno ambayo ndiyo hukumu yetu sisi sote. "Wanangu," alisema, "jana mlinilisha bei; leo nimekula chakula. Ila msihuzunike. Bahari nimeiona."

Tungeweza kukomea hapo, lakini kuna jambo moja lililobaki, nalo latuhusu sisi kuliko wenye nyumba ile. Usiku ule wa kwanza, wakati wa kuondoka, msimamizi alikuja mezani akauliza kama tumefurahia. Sisi walimu watatu, tuliokuwa tumenong'onezana manung'uniko saa nzima, tulijibu kwa sauti moja, "Chakula kizuri sana, ahsante." Tulisema hivyo kwa adabu, na kwa haya, na kwa hofu ya kuonekana washamba mbele ya watu wa meza nyingine. Kila siku darasani twaandika alama nyekundu katika daftari la mtoto wa miaka kumi, na twasema kwamba twafanya hivyo kwa kumpenda. Lakini mtu mzima aliyepokea shilingi 508,000 tulimpa alama zote, tukaondoka. Basi kesho yake aliwapikia wengine vivyo hivyo, na sisi tulikuwa tumemsaidia.

Adabu ya kwetu yataka mtu asikitukane chakula alichokaribishwa. Hiyo ni adabu njema, wala tusiiache. Lakini chakula cha kukaribishwa ni kimoja, na chakula cha kununuliwa ni kingine. Kwa mwenyeji wetu tutakula mlenda usio na chumvi na kushukuru, kwa maana ametupa alicho nacho. Kwa mwuzaji yatupasa kusema kweli, kwa sauti ya chini na bila matusi: "Bwana, samaki huyu hakupakwa." Pengine atakasirika. Pengine yule kijana wa mezani atayasikia, na siku moja atakapokuwa na jiko lake mwenyewe atayakumbuka.

Twayaandika haya kwa ajili ya wasomaji wetu wa Tabora pia, maana hapa kwetu nazo nyumba za kulia zaongezeka, na tumeanza kuona karatasi za vyakula zilizojaa majina makubwa. Tuna asali ya miombo, tuna uyoga wa masika, tuna karanga, tuna michembe na matobolwa, tuna nsansa ambayo mgeni akiipata imeungwa vizuri kwa karanga haisahau. Siku moja mwalimu wa Unguja atakapopanda treni kuja kuona mwisho wa ile njia ya misafara, na aje akute vitu hivi mezani kwa majina yake na kwa ladha yake. Na asipoviona vizuri, twamwomba atuambie.